Nguzo Pacha za Mwalimu

Jina alilopewa na wazazi wake lilitumika siku za ugomvi tu, tena na mkewe peke yake. Watu wengine wote walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye uzito nchani ambayo fundi huining'iniza ili ajue kama ukuta umesimama au umeinama. Walimwita hivyo kwa kuwa nguzo zake zilinyooka, na kwa kuwa shingo yake nayo ilinyooka kupita kiasi. Loo, mtu yule alijisikia! Ukimuuliza neno lolote la ujenzi, awe analijua au halijui, jibu lilikuwa limeshafika mdomoni kabla hujamaliza kuuliza. Miaka ishirini na saba alikuwa kazini, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Fundi anayesema sijui, alidai yeye, arudi nyumbani akafuge kuku.

Kazi yake ilikuwa nguzo za urembo. Za nje alizimwaga kwa zege na nondo, akazichora mifereji ya kusimama, akaziwekea kitako chini na taji juu, na baraza ya mtu wa kawaida ikaonekana kama ya waziri. Lakini sifa zake hasa zilitokana na za ndani. Nyumba nyingi za zamani zina nguzo moja ya matofali sebuleni, imebeba boriti ya ghorofa, mbaya, imesimama peke yake kama mgeni asiyejulikana nani alimwalika. Timazi hakuivunja. Aliijengea mwenzake. Matofali yale yale, unene ule ule, lipu ile ile, mpaka ibaki nafasi ya kidole kimoja tu kufika kwenye boriti. Nafasi ile aliijaza karatasi za mifuko ya saruji, kisha akaifunika kwa taji la jasi lenye maua. Ya kwanza imebeba nyumba. Ya pili imebeba taji lake tu. Na kuzitofautisha huwezi, ng'o!

Mafundi wengine walitengeneza nguzo ya pili kwa jasi tupu, ukiigonga inalia kama debe. Timazi aliwacheka. Yeye akimaliza kazi alikuwa na mchezo wake: anamfunga mwenye nyumba kitambaa machoni, anamzungusha mara tatu katikati ya sebule, kisha anamwambia, "Haya, gonga. Ipi imebeba?" Mwenye nyumba anagonga huku, anagonga kule, anababaika. Watu wanacheka, Timazi anacheka kuliko wote, halafu anakusanya vyombo vyake na kwenda zake. Jibu hakulitoa. Kulitoa ni kuharibu utamu, alisema. Wala hakuandika popote, maana kichwa chake kilimtosha.

Basi siku moja, saa tatu asubuhi, akapigiwa simu na Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, na nyumba yake ilikuwa fahari ya Timazi: nguzo nne barazani, mbili sebuleni, kazi aliyoimaliza mwaka mmoja na nusu uliopita.

"Fundi, njoo leo hii. Mama anatoka hospitali saa kumi. Kavunjika nyonga, atakuwa kwenye kiti cha magurudumu, na kiti hakipiti kati ya zile nguzo zako. Uje uondoe moja."

"Kuondoa nguzo yangu?" Timazi alihisi kama kachomwa mwiba.

"Ile ya urembo. Iliyobeba iache."

"Hiyo kazi ndogo, Mwalimu. Nakuja."

Akatia nyundo na tindo begini, akakaa kufunga kamba za viatu, na hapo ndipo swali lilipomjia. Ipi? Vidole vikasimama kwenye kamba. Akajiambia, nikifika nitaiona tu, kwani nani aliyeijenga? Akaenda. Lakini njia nzima alikuwa akijenga upya ile sebule kichwani, na kila akifika kwenye nguzo, zinageuka.

Alipoingia alikuta viti vimeshatolewa. Nguzo mbili zilisimama kwenye mdomo wa ukumbi unaoelekea chumba cha Bibi, mama yake Mwalimu, nyeupe, safi, na maua yake juu. Kulia kwazo ngazi, kushoto kabati lililojengewa ukutani, kwa hiyo pa kupita palikuwa hapo katikati tu. Kiti cha magurudumu, kipya, bado kina nailoni, kilikuwa kimeegeshwa hapo mbele kama gari lililokwama.

"Karibu, Fundi," Mwalimu alisema. "Huyu ni mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa anaitwa Injinia. Alisomea uhandisi muhula mmoja akarudi nyumbani, lakini cheo hakukirudisha. Alishika futi ya kupimia, na futi ile hakuiweka chini asubuhi nzima.

"Haya mzee," Injinia alisema, "ipi inaondoka?"

Timazi akaziangalia nguzo. Akasubiri kumbukumbu ije. Haikuja. Siku zile alizofanya kazi humu, sebule ilikuwa gofu: kabati halikuwapo, ngazi ya zamani ya mbao ilikuwa upande mwingine, mlango wa mbele haukuwa hapa ulipo. Alikumbuka nguzo ya zamani ilikuwa jirani na dirisha. Sasa akatazama, madirisha yalikuwa mawili, moja kila upande.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mambo ya nguzo hayaendi pupa."

"Mimi nakumbuka ilikuwa karibu na ngazi," Mwalimu alisema.

"Ngazi ipi, dada? Ya zamani au hii?"

"Ya zamani."

"Ya zamani ilikuwa wapi?"

Mwalimu akanyoosha mkono kushoto, akaurudisha, akaunyoosha mbele. Wakati wa ujenzi yeye alikuwa amepanga mtaa mwingine, anakuja siku moja moja. "Mnaniuliza mimi wakati fundi mwenyewe kasimama hapa?" akasema, na wote wawili wakamgeukia Timazi.

Injinia alikuwa na kimbelembele, hakungoja. Akagonga nguzo ya kulia, akaweka sikio. Akagonga ya kushoto. "Ya kulia ndiyo iliyobeba," akatangaza. "Sikia mlio ulivyo mzito."

Timazi naye akagonga. Kulia, du. Kushoto, du. Akagonga chini kidogo, juu kidogo. Du, du. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, ufundi wake ukamchukiza. Jasho likaanza kumtoka mgongoni, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Juu kwenye dari mtoto mchanga akalia.

"Nani yuko juu?" Timazi aliuliza.

"Binti yangu," Mwalimu alijibu. "Kajifungua wiki mbili sasa. Chumba chake kiko hapa hapa, juu ya hii boriti."

Timazi akatazama dari. Alijua kitakachotokea akiiondoa iliyobeba. Si lazima ianguke saa ile ile. Boriti ya zamani huweza kukaa siku mbili, tatu, ikiinama kidogo kidogo, halafu usiku mmoja inashuka na chumba kizima. Na alijua pia jinsi ya kupata jibu, tangu yuko njiani alijua. Ni kuegemeza ngazi, kupanda, kuvunja taji na kutazama kama kuna ile nafasi ya kidole. Kazi ya nusu saa. Lakini fundi anayepanda kutazama ni fundi asiyejua, na hapa alikuwapo Injinia, ambaye angelipeleka neno hilo mtaa kwa mtaa kabla jua halijatua. Sasa huyo ndiye Timazi: roho za watu ziko juu ya kichwa chake, na yeye anawaza Injinia atasema nini.

"Kwani lazima tuvunje?" akasema. "Tukate vitako vya hizi nguzo. Vitako ndivyo vinavyobana."

Injinia akapima. "Ukikata vitako bado unapungukiwa vidole viwili."

"Kiti kikunjwe kidogo."

"Na mama akiwa ndani yake?" Mwalimu aliuliza.

Timazi akaomba maji ya kunywa. Akaletewa, akanywa, akaomba mengine. Akatoka barazani, akazizunguka zile nguzo nne za nje kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akarudi ndani. Akasema amesahau pima maji nyumbani, kisha akakumbuka kwamba kuvunja hakuhitaji pima maji. Akaenda msalani. Akarudi. Saa sita ikapita, saa saba ikaingia. Kila akisimama mbele ya nguzo miguu inamwasha, anaondoka tena.

"Fundi," Injinia alisema, "umekuja kufanya kazi au kufanya mazoezi ya kutembea?"

"Kijana, mimi nilianza kazi hii wewe hujui hata kujifuta kamasi."

"Sawa, shikamoo. Lakini saa nane hii. Kama umechoka lete nyundo, mimi nitaivunja hii ya kushoto mwenyewe."

Akanyoosha mkono kuchukua. Timazi akamwahi. "Nyundo ya fundi haishikwi na kila mtu!" akafoka, na sasa nyundo ilikuwa mkononi mwake, watu wawili wanamtazama, na hakuna pa kukimbilia. Kushoto, alijiambia. Ni kushoto. Akajiambia tena na tena mpaka ikawa kama anakumbuka. Hata dirisha lile la kushoto aliliona, na ile nguzo ya zamani mbali nalo, kabisa kabisa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Akaweka tindo usawa wa kifua kwenye nguzo ya kushoto. Akapiga. Lipu ikamomonyoka. Akapiga tena, tofali likatoa kipande, unga mwekundu ukamwagika kwenye kiatu chake.

"Si nilisema?" Injinia alisema. "Kushoto."

Timazi akainua nyundo mara ya tatu. Na juu ya kichwa chake, palepale, akasikia nyayo. Yule mzazi alikuwa anatembea chumbani, polepole, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, akimbembeleza mwanawe kwa sauti ya chini. Mtoto akanyamaza. Nyayo zikaendelea. Timazi akabaki na nyundo hewani, na kumbukumbu yake yote ya dirisha ikayeyuka hapo hapo. Aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa akiwa juu ya jukwaa lolote.

Akashusha nyundo.

"Mteremsheni mzazi na mtoto," alisema.

"Ya nini?" Injinia aliuliza. "Si unavunja ile isiyobeba?"

"Sijui."

"Hujui nini?" Mwalimu akasogea.

"Sijui ipi ni ipi, Mwalimu. Sijui tangu uliponipigia simu. Nilidhani nikifika nitakumbuka. Sikukumbuka, na nikaona aibu kusema."

Mwalimu alitaka kukaa, na kwa kuwa viti vyote vilikuwa nje, akajikuta amekaa kwenye kile kiti cha magurudumu, na nailoni yake ikalalamika chini yake. Miaka thelathini alisikiliza watoto wakieleza kwa nini hawakufanya kazi waliyopewa, lakini hili hakuwa amelisikia.

"Na umeshaipiga mara mbili," alisema.

"Mara mbili."

"Na mwanangu yuko juu."

Timazi alitamani Mwalimu amtukane, angalau kelele zingejaza ile sebule. Mwalimu hakutukana. Alimwita binti yake kwa sauti, mzazi akashuka na mtoto kifuani, akiuliza kuna nini, akapelekwa barazani na kuwekewa mto. Timazi hakuweza kumtazama usoni.

Kisha akafanya alilotakiwa kufanya saa tatu. Aliomba ngazi na mirunda minne, ile miti ya kuegemezea dari, iliyokuwa imelazwa nyuma ya nyumba, akaikata kwa kimo na kuiegemeza chini ya boriti, miwili kila upande, akaigongea kabari mpaka ikakaza. Injinia alisaidia bila kuambiwa na, ajabu ya Musa, bila kusema neno. Halafu Timazi akapanda ngazi kwenye nguzo ya kushoto. Lile taji lilimchukua siku tano kulichonga. Alilivunja kwa mapigo matatu, na maua yakaanguka sakafuni.

Akapitisha kidole, akitafuta nafasi. Akasogeza kidole kulia, kushoto, nyuma. Hakikupenya. Tofali lilikuwa limebanana na boriti, na saruji ya zamani, ngumu, ya fundi aliyekufa zamani, ilikuwa imejaa mpaka mwisho.

"Umeona nini?" Mwalimu aliuliza kutoka chini.

"Ndiyo hii," Timazi alisema. "Hii ndiyo iliyobeba."

Hii. Ile yenye jeraha jekundu kifuani. Injinia, ambaye ndiye aliyeitangaza ya kushoto kuwa ya bure, alitazama lile jeraha, akatazama dari, akaja kushika ngazi kwa mikono miwili. Timazi alishuka taratibu kama mzee wa miaka tisini. Akakaa kwenye kipandio cha chini, akafunika uso kwa viganja vyenye jasi, na watu wakamwacha apumue.

Hakuamini tena kitu. Alipanda na kwenye ya kulia, akavunja na taji lake, ingawa jibu lilikuwa limeshajulikana. Karatasi za mfuko wa saruji zikamwangukia kichwani. Hapo ndipo alipoanza kuibomoa, tofali moja moja kutoka juu, akilipokeza mkononi mwa Injinia, bila haraka na bila maneno. Injinia alisema mara moja tu, "Mzee, mimi nami ningeivunja ile. Ningeivunja yote." Timazi akamjibu, "Shika tofali."

Saa kumi na robo gari likasimama nje. Bibi akaingizwa kwenye kiti chake, mwembamba, shuka magotini, macho yakizunguka kila mahali. Vumbi lilikuwa bado linaelea.

"Mnanipokea kwa vumbi namna hii," alisema, "kwani mlidhani sirudi?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kushusha pumzi. Injinia akasukuma kiti. Kikapita, nafasi ikabaki pande zote mbili. Bibi akanyoosha mkono akagusa nguzo iliyobaki, pale palipomomonyoka.

"Na hii mmeipigia nini?"

"Nimeipiga mimi, Bibi," Timazi alisema. "Nilikosea."

"Haya. Iambie pole," Bibi alisema, akapita kwenda chumbani kwake.

Mwalimu alimsindikiza Timazi hadi barazani. Binti yake alikuwa ameshapanda juu tena. Jioni ilikuwa imetulia, ila Timazi hakuwa ametulia. Alikuwa akibadilisha begi bega hili, bega lile.

"Na hizi nne za nje?" Mwalimu aliuliza.

"Hizi zimebeba zote. Nilizimwaga mwenyewe, nondo nilizifunga mwenyewe."

"Una hakika?"

Jana swali hilo lingemtia hasira. Leo alirudi, akaziangalia moja baada ya nyingine, mpaka kule juu zinapokutana na paa, na ndipo akasema, "Nina hakika."

"Sasa niambie, Fundi. Ule mchezo wa kufunga watu macho. Umeucheza nyumba ngapi?"

Timazi akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwenye bucha. Mkunga. Yule wa duka la viatu, na kaka yake. Nyumba ya pembeni yenye geti la kijani. Vidole vilikwisha na bado hajatoka mtaa wa pili. Akaviacha vidole, akamtazama Mwalimu, na moyo ukaanza kumwenda mbio upya, maana katika nyumba zile watu huzaa, huugua, huozesha mabinti, hununua makochi makubwa, na siku moja mtu husema, hii nguzo inatubana, si ni ya urembo tu? Wala hawatampigia fundi simu. Watachukua nyundo.

Mwalimu hakumwambia afanye nini. Alimtazama tu, kama mwalimu anayejua kuwa mwanafunzi ameshaona kosa lake mwenyewe, kisha akaingia ndani kwa mama yake.

Kesho yake saa moja asubuhi Timazi alikuwa mlangoni kwa mwenye bucha, ngazi begani. Mkewe alikuwa amemsihi angoje watu wanywe chai, akasema hawezi kungoja. Mwenye bucha akatoka na mswaki mdomoni.

"Timazi! Una nini asubuhi yote hii?"

"Nguzo zako za sebuleni. Nataka kupanda nivunje taji moja, nitazame ipi imebeba, niiandike kwa rangi. Taji nitalitengeneza upya, mimi mwenyewe."

Mwenye bucha akacheka mpaka povu la mswaki likamruka. "Mchezo wako umeanza tena! Si ulinifunga kitambaa nikazunguka kama pia? Unajua ipi imebeba, unanitania."

"Sijui."

"Wewe?" Akageukia ndani, bado anacheka. "Mama watoto! Njoo umsikie Timazi, ati hajui!"

Mke wa mwenye bucha akaja mlangoni, akifuta mikono kwenye kanga, akatabasamu akingoja mzaha umalizike. Timazi akaitua ngazi begani, akaisimamisha mbele yao, akasema kwa sauti ya kusikika na wa jirani:

"Sijui, mama. Ndiyo maana nimekuja na ngazi."